Kuanza dansi ya Ayalandi: kiuno kilale, miguu iamke

Sisi tuliokulia kwenye chakacha, kinachotusumbua mwanzoni si miguu, ni kiuno. Siku yangu ya kwanza darasani hapa Dublin, mwalimu aliniambia nirukeruke palepale kwa vidole, mabega yasitikisike. Nililowa jasho na muziki haujawashwa bado.

1. Simama. Mguu wa kulia mbele ya wa kushoto, umepishana nao, vidole vielekee nje. Nyanyua visigino. Mikono inyooke ubavuni, ngumi zimefungwa bila kukazwa. Kaa hivyo ukihesabu mpaka 20. Mashavu ya miguu yatawaka moto. Ndiyo kazi yenyewe.

2. Piga makofi. Rili na jigi ni midundo miwili ya dansi hii. Rili huenda kwa nne. Jigi ni tatu-tatu: MOJA mbili tatu, NNE tano sita. Ukichanganya hizi mbili, hakuna hatua itakayokaa, kwa hiyo usione haya kushinda wiki nzima unapiga makofi tu.

3. Saba na tatu. Hii ndiyo alfabeti ya rili. Nenda kulia: moja, mguu wa kulia utoke upande, mbili, wa kushoto uufuate kwa nyuma, endelea hadi saba, ya nane nyamaza. Uzito sasa uko mguu wa kulia. Peleka wa kushoto nyuma: moja-mbili-tatu, nyamaza. Wa kulia nyuma: moja-mbili-tatu, nyamaza. Umetimiza 16. Rudia kwenda kushoto. Kwanza tembea tu, kuruka kutakuja. Wengi hupotea kwenye ule unyamavu, wanaujaza hatua ya ziada kisha wanajikuta kwenye mguu usio wao.

4. Viatu. Nunua vile laini vya kamba, vibane mguu kama soksi. Vya wanaume huwa na kisigino. Vile vigumu vinavyogonga sakafu, ulivyoviona kwenye Riverdance, lile onyesho la dansi ya Ayalandi, tangu 1994, viache dukani kwanza.

MASWALI

*Dada, nina miaka 43 na magoti ya mama wa watoto wanne. Nimechelewa?*
Hujachelewa, dada yangu. Anzia céilí, dansi ya kikundi. Ile iitwayo Walls of Limerick ni saba na tatu tupu, na kila duru unakutana na jozi nyingine, kwa hiyo ukikosea mnacheka mnasonga mbele.

*Mbona mikono haichezi? Nimesikia ni mapadri walikataza.*
Hadithi ni nyingi, nami siibebi hata moja. Ila usidhani ni Ayalandi yote: nenda Connemara, kule magharibi, uone sean-nós, dansi ya kienyeji: mtu anacheza peke yake, mikono imelegea, miguu karibu na sakafu. Mie roho yangu iko huko.

*Muundi unaniuma siku mbili baada ya mazoezi.*
Unafanyia wapi? Kama ni kwenye vigae au saruji, acha leo. Tafuta sakafu ya mbao, tua kwa vidole goti likiwa limelegea kidogo, upumzike mpaka maumivu yaishe. Yasipoisha, muone daktari.

*Na lile wigi la mawimbi, lazima?*
La mashindano hilo. Darasani funga nywele zisikuingie machoni, au jitande mtandio wako uubane vizuri. Mimi wangu ulianguka katikati ya rili, nikaukanyaga kwenye hesabu ya tano.