Badilisha pedi za breki za mbele mwenyewe, lakini usiziruke pini za kalipa

Jumamosi mdogo wangu alileta Toyota IST yake nyumbani kwangu Kigamboni ikilia kila akikanyaga breki. Kilio kile hutoka kwenye kibati kidogo kilichotegeshwa kwenye pedi ili kikwaruze diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) pedi inapokaribia kuisha. Tulimaliza pande zote mbili kabla ya adhuhuri. Gari yangu mwenyewe, kazi hiyohiyo, iliwahi kunikalisha chini kuanzia asubuhi hadi adhana ya Magharibi. Hatua ya 4 ndiyo iliyonila muda.

Dukani kununua pedi nenda na namba ya chesisi, na usikubali jibu la "za IST zote ni moja". Ukifika nyumbani zilinganishe na za zamani kabla ya kuzifunga. Nunua pia spreyi ya kusafishia breki na grisi maalumu ya breki, ile ya silikoni. Ukiambiwa grisi yoyote inafaa, nenda duka la pili.

Hatua ya 1. Egesha pagumu na tambarare, vuta handbreki, weka vizuizi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za gurudumu (spana namba 21), kisha nyanyua na ukalishe gari juu ya stendi. Tofali la saruji hapana, hata kwa dakika tano, kwa sababu hupasuka bila kukuonya.

Hatua ya 2. Toa gurudumu. Maliza upande mmoja kwanza, ule mwingine ubaki kama kielelezo. Vumbi usilipulize, kwani baadhi ya pedi zina asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Lilowanishe kwa spreyi.

Hatua ya 3. Fungua bolti mbili za kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), kwa kawaida namba 12 au 14. Ifunge kalipa kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa paipu ya breki. Chomoa pedi.

Hatua ya 4. Sasa ziweke pedi mbili za zamani kiganjani. Kama zimelika sawa, shukuru. Kama ya ndani imebaki chuma na ya nje ina nusu nzima, shuku pini. Kalipa hii ina pistoni upande mmoja tu, na hubana pande zote mbili kwa kuteleza juu ya pini mbili. Pini ikikwama, pedi ya ndani hubeba kazi peke yake.

Yangu ilikwama kwa sababu niliipaka grisi ya beringi. Grisi ya mafuta ya petroli huvimbisha mpira, na kwenye Toyota nyingi pini moja ina mpira nchani. Baada ya miezi miwili gari ilivuta kushoto na rimu ya kushoto ilikuwa haishikiki kwa joto. Nikaipiga pini nyundo, ikazidi kujibana, na mpira wake wa kuzuia vumbi nikauchana. Usipige. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, subiri nusu saa, shika kichwa cha pini kwa spana bapa na uizungushe kidogo huku na huku ukiivuta. Itatoka.

Ikitoka, futa grisi yote ya zamani kwenye pini na ndani ya tundu. Usisafishe kwa petroli, nayo hula mpira. Kutu jepesi liondoe kwa msasa laini sana. Pini yenye mashimo ibadilishe. Paka silikoni kiasi cha utando tu, maana ukijaza tundu pini haiingii, inarudishwa na hewa. Ile yenye mpira irudi tundu lilelile ilikotoka. Ukiisukuma kwa kidole iteleze bila kugoma. Sisi tunaoishi karibu na bahari hatuna hiari hapa. Chumvi inaharakisha kutu.

Hatua ya 5. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki lililo chini ya boneti, kisha rudisha pistoni taratibu kwa jiriwa ya mkono, pedi ya zamani ikiwa katikati. Mafuta yatapanda koponi. Yakikaribia kumwagika yanyonye kwa bomba la sindano, kwani yanaharibu rangi ya gari.

Hatua ya 6. Sugua kwa brashi ya waya mahali pedi zinapokaa, weka mpya, rudisha kalipa na gurudumu. Kaza nati kwa mkingamo, moja kisha ya mkabala wake, hadi Nm 103 kwenye spana ya kupimia nguvu.

Hatua ya 7. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Mkanyago wa kwanza utazama hadi chini. Kisha, barabara ikiwa tupu, punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, mara kumi, ukiziacha breki zipoe kati ya mara moja na nyingine.

Ukirudi, sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili za mbele bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, rudi hatua ya 4.