Somo: Kukagua mambo ya kale kabla ya daraja la shambani kubadilishwa

Kila mvua zinapong'oa daraja na mkandarasi akaletwa, mimi huulizwa swali lile lile: mambo ya kale hukaguliwaje kabla ya daraja jipya kujengwa? Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano wangu ni barabara ya shambani kaskazini ya Malindi, kwenye bonde la Sabaki kuelekea Mambrui.

1. Pata leseni. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 hairuhusu kuchimba kutafuta vitu vya kale bila hiyo.

2. Soma ramani za zamani, picha za angani na kumbukumbu za Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

3. Wasalimu wazee, uulizie makaburi, visima, magofu na kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda).

4. Chora mipaka. Usiishie kwenye nguzo za daraja. Barabara ya kuchepukia, machimbo ya kifusi, kambi ya mkandarasi na mahali pa kumwaga udongo huweza kuharibu zaidi ya daraja lenyewe, na mara nyingi havimo katika ramani unayopewa.

5. Tembeeni sambamba wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamefyekwa, mtu na mwenzake wakiachana hatua tano hadi kumi.

6. Kagua kingo za mto. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Sabaki ndio unaoitia bahari ya Malindi wekundu wakati wa mvua, na tope hilo, kabla ya kufika baharini, huenea bondeni na kufunika kilichokuwa juu ya ardhi; kwa hiyo anayetembea juu yake asione kigae (kipande cha chungu kilichovunjika), kisha akaandika kwamba hapana kitu, ameandika habari za tope tu. Shuka pale maji yalipoukata ukingo, uuparuze udongo kwa mwiko hadi tabaka zionekane, kisha utafute mstari wa makaa, magamba ya chaza na vigae. Ukipata kigae, kipapase pembeni: kikiwa kikali, huenda kimevunjikia papo hapo, kikiwa kimelainika kama kokoto, kimeletwa na maji, na chanzo chake ukitafute juu ya mto. Tahadhari: usisimame chini ya ukingo ulioliwa na maji kwa chini, na uache mtu juu akutazamie, kwani mamba na viboko wa Sabaki si hadithi.

7. Pima daraja kuukuu na ulipige picha kabla halijabomolewa, kisha andika ripoti, pamoja na sehemu ambazo hazikuonyesha kitu.

MASWALI

Swali: Naweza kuchimba kidogo tu nione?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya kwanza.

Swali: Si daraja la zamani lilikwisha kuharibu ardhi? Ukaguzi wa nini tena?
Jibu: Liliharibu pale liliposimama. Jipya huwa pana zaidi, na hatua ya nne imeeleza mengine. Kinachochelewesha kazi ni tingatinga kufukua kaburi ambalo hakuna aliyeliulizia.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeona vigae vyenye chale za pembetatu shingoni. Ni vya lini?
Jibu: Marahaba, umetazama vizuri. Vyungu vya namna hiyo ni vya takriban karne ya 7 hadi ya 10, na vimefukuliwa kwa wingi Shanga, kisiwani Pate. Vimetangulia majumba ya mawe tunayoyaona Gede. Usiviokote. Viweke rula kando, upige picha, uandike mahali, na taarifa iwafikie Makumbusho ndani ya siku 7.

Swali: Nimepiga, lakini chale hazionekani.
Jibu: Piga asubuhi mapema, jua likiwa chini, mwanga ukitokea ubavuni, ili kivuli kiingie ndani ya chale. Mchana, kikinge kigae kwa mwavuli, kisha umulike kwa kioo kutoka upande mmoja.