Kutafuta Tatizo la Oili kwenye Pikipiki Kuukuu ya Magurudumu Manne

Injini ya pikipiki kuukuu ya magurudumu manne inapoanza kugonga upande wa hedi (kichwa cha silinda) au kutoa moshi wa bluu, mafundi wengi hukimbilia kuifungua. Haraka hiyo hugharimu bure, kwa kuwa matatizo mengi ya oili huweza kutambuliwa kabla injini haijafunguliwa, mradi vipimo vifanywe kwa mpangilio.

Kwanza pima kiwango. Egesha chombo mahali tambarare, iwashe injini hadi ipate joto, izime, subiri oili ishuke, kisha futa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na uichovye tena. Baadhi ya watengenezaji hutaka dipstiki iegeshwe tu juu ya tundu bila kukazwa, na wengine hutaka ikazwe. Asiyefuata maelekezo ya injini yake hupata kipimo cha uongo. Injini yenye tangi la oili la pembeni, kama ile ya Honda TRX400EX, isipimwe ikiwa baridi, kwa sababu sehemu ya oili huwa imeteremkia chini ya kranki (mhimili mkuu wa injini), na mwenye chombo hudhani imepungua akaongeza isiyohitajika.

Oili iliyopanda kiwango na kunuka petroli huashiria kwamba sindano ya boya la kabureta haifungi vizuri. Iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, ama kupitia gasketi ya hedi kwa injini inayopozwa kwa maji, ama kupitia mpira wa kupumulia ikiwa chombo kimevushwa kwenye mafuriko, jambo ambalo wakazi wa jirani na bonde la Jangwani, Dar es Salaam, hawahitaji kuelezwa. Unapoimwaga, pitisha sumaku ndani yake: vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni sababu tosha ya kutowasha tena injini mpaka ifunguliwe.

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kuhakikisha kwamba oili inafika juu. Injini nyingi za Yamaha zina bolti ndogo ya ukaguzi kwenye hedi. Ilegeze kidogo bila kuitoa, washa injini, na uiache ingurume taratibu bila kuiongezea mafuta. Oili inapaswa kuchuruzika; dakika moja ikipita pakavu, zima mara moja, maana pistoni inaweza kukwama. Injini isiyo na bolti hiyo hukaguliwa kwa kufungua kifuniko cha valvu na kutazama kama rokaamu (mikono inayosukuma valvu) zimelowa.

Oili isipofika, usinunue pampu bado. Kagua wavu ulio chini ya injini, ambao mara nyingi huzibwa na vipande vya gasketi na silikoni iliyopakwa kwa ukarimu kupita kiasi, kisha filta, ambayo ikigeuzwa wakati wa kufungwa inaweza kuzuia njia, na mwisho mipira midogo ya duara nyuma ya pampu. Pampu yenyewe hupimwa kwa vipande vyembamba vya kupimia nafasi: pengo kati ya ncha za rota mbili zinazozunguka ndani yake likizidi takriban milimita 0.20, pampu nyingi za aina hii huwa zimekwisha. Ukienda kununua kipuri Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, beba pampu ya zamani uilinganishe dukani, kwani majina ya vipuri hufanana kuliko vipuri vyenyewe.

Ikiwa oili inafika lakini inaisha, angalia moshi. Unaotoka injini ikiwashwa baada ya kulala huelekeza kwenye sili za valvu; unaozidi unapoongeza mafuta huelekeza kwenye ringi za pistoni. Pima mgandamizo, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena: ukipanda sana, ringi zimechoka.

Wakati wa kurudisha, jaza pampu oili kabla ya kuifunga. Kwa injini ambayo klachi yake huloweshwa na oili hiyo hiyo, tumia yenye alama ya JASO MA (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki), kwani baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze. Toa plagi, iunganishe na bodi ili mfumo wa umeme usiharibike, kisha zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka oili ionekane kwenye bolti ya hedi. Ndipo urudishe plagi, uwashe, ukaze bolti, na upime kiwango upya injini ikishapata joto, kwa kuwa filta mpya huwa imekunywa sehemu ya oili.