Kioo cha sola kwa ofisi ya Mtwara: anza na vivuli vya madirisha

Kioo cha sola ni seli za umeme zilizobanwa kati ya vioo viwili. Mtandaoni utakiona kimefunika kuta za maghorofa ya Ulaya, ambako jua hukaa chini sehemu kubwa ya mwaka na kuupiga ukuta. Mtwara, nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua la saa sita liko karibu utosini na ukuta unaambulia kidogo. Mteja akiniletea mchoro wenye kioo ukutani, nakihamishia kwenye vivuli vya madirisha, yaani vipaa vinavyotokeza juu ya dirisha, au paa la kibaraza.

Hatua ya 1: Soma jua. Mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la mchana huegemea kaskazini. Miezi mingine husogea kusini. Tanguliza upande wa kaskazini. Angalia pia minazi ya jirani: kuti likitia kivuli kwenye seli chache tu, umeme wa mstari mzima unashuka.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Kivuli cha mita 12 kilichotokeza mita 1, kwa kioo cha wati 120 kila mita ya mraba, ni wati 1,440 jua likiwa kali. Kadiria uniti 5 kwa siku. Zinatosha taa, feni na kompyuta mpakato kadhaa. Eisi ya hosipawa moja na nusu itazimaliza kwa saa nne hivi. Mwambie mteja mapema. Akitaka kioo kinachopitisha mwanga zaidi, umeme utapungua.

Hatua ya 3: Fremu. Hapa usibane pesa. Pale Shangani, mtaa wa ufukweni Mtwara, pitisha kidole kwenye kioo baada ya wiki isiyo na mvua, kitatoka na chumvi. Tumia bolti za chuma cha pua daraja la 316, weka mpira kati yake na alumini zisilane, na dai kioo kilichofaulu kipimo cha ukungu wa chumvi, kiwango cha kimataifa IEC 61701. Kagua kingo: maji huanzia hapo.

Hatua ya 4: Acha upenyo wa sentimita 10 hivi kati ya kioo na ukuta, hewa ya moto ipande. Seli za silikoni zikipata joto huzalisha kidogo.

Hatua ya 5: Waya. Vioo vya mashariki na vya magharibi visichanganywe kwenye ingizo moja la inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika ofisini. Mwachie fundi mwenye leseni. Juani, kioo kina umeme hata ukizima swichi kuu.

Kuosha ni alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya pwani vina chumvi.