Namna ya kuripoti utafiti wa maoni katika uchaguzi wa jimbo

Ripoti ya utafiti ikifika mezani, acha kwanza asilimia za wagombea. Fungua ukurasa wa mbinu, ambao kwa kawaida hubanwa mwishoni, utafute idadi ya waliohojiwa ndani ya jimbo lenyewe. Hapo ndipo redio na magazeti ya mikoani hunaswa. Utafiti ni wa nchi nzima, wahojiwa 2,400, kiwango cha makosa asilimia 2. Mtangazaji anachomoa safu ya jimbo lake na kuisoma hewani kana kwamba ina uzito uleule. Kumbe wahojiwa wa jimboni ni 60 tu.

Kiwango cha makosa, yaani kiasi ambacho tarakimu inaweza kuwa juu au chini ya ukweli, kipigie hesabu mwenyewe: gawa 98 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Kwa watu 60 unapata karibu 13, kwa 400 unapata 4.9, kwa 1,000 ni 3.1. Hizo ndizo asilimia za kuongeza au kupunguza, kwa hiyo mgombea mwenye asilimia 45 katika wale watu 60 anaweza kuwa na yoyote kati ya 32 na 58. Tena hayo ni makadirio ya chini. Wahojiwa wakichukuliwa kwa mafungu ya vijiji vichache, makosa huzidi. Kwa pengo kati ya wagombea wawili, kiwango hicho hukaribia kuongezeka maradufu. Wahojiwa wakiwa 400 na pengo likiwa 6, andika kwamba wanakabana koo.

Kisha uliza wasioamua wamepelekwa wapi. Tuseme A ana asilimia 38, B 32, wasioamua 30. Wasioamua wakifutwa kwenye hesabu, A anapanda hadi 54 bila kupata mfuasi hata mmoja, na kichwa cha habari kinadai ameshavuka nusu. Taja tarakimu zote tatu.

Wahojiwa walipatikanaje? Utafiti wa simu huwaacha wasio na simu. Kura za wasikilizaji kwa ujumbe mfupi si utafiti hata zikifika maelfu, maana mashabiki huitana kwenye WhatsApp. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa Landon katika uchaguzi wa rais. Mpinzani wake, Roosevelt, akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Aliyelipia utafiti, tarehe za mahojiano na swali neno kwa neno viingie kwenye habari, visibaki kwenye daftari lako. Mfano wa sentensi ya tarakimu: “Kati ya wapiga kura 400 wa jimbo hili waliohojiwa kwa simu, asilimia 38 wanamtaka A, 32 wanamtaka B, na 30 hawajaamua. Pengo hilo limo ndani ya kiwango cha makosa.”

Ukitaka kusema mgombea amepanda au ameshuka, linganisha na utafiti uliopita wa kampuni ileile uliotumia mbinu ileile. Kampuni ikigoma kutoa dodoso, yaani orodha ya maswali yaliyoulizwa, usitangaze.