Thina karakanani: kinachowaka ni ule mvuke

Mafundi wenzangu wa Tabora mnaopiga vanishi vitanda na makabati ya mninga, hii thina tunayochanganyia vanishi iwe nyepesi tumeizoea mno jamani.

Kitu cha kwanza jueni thina nyingi zina kemikali za asetoni na toluini ndani, asetoni inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, sasa wewe piga hesabu jua letu la Oktoba na bati juu ya kichwa. Na huo mvuke ni mzito kuliko hewa, haupandi kama moshi, unatambaa sakafuni unapita chini ya mlango mpaka kwenye jiko la mkaa la jirani, ukishika huko moto unarudi njia ileile hadi kwenye dumu lako. Mimi yalinikuta, jiko la chai lilikuwa nje kabisa na nikajiona niko salama, ghafla moto huo unakimbia chini, kovu la mguu ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujafungua kopo ondoa jiko, sigara, grainda na mashine ya kuchomelea, fungua mlango na madirisha ya pande mbili hewa ipite. Feni ya kawaida usiiwashe hapo, mota na swichi yake vinatoa cheche. Mimina taratibu, plastiki ikisuguana inazaa umeme unaoweza kutoa cheche, bora kopo la chuma lenye mfuniko. Weka ndani ya kutosha kazi ya siku hiyo tu, na tafadhali sana usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto hawezi kujua. Akishainywa msimtapishe, mkimbizeni hospitali. Matambara yaliyolowa yaende kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko.

Ikiwaka usimwagie maji, thina inaelea juu yake na moto unasambaa. Funika, mwaga mchanga au tumia mtungi wa poda wa kuzimia moto, ukiona unakushinda toka upige 114 zimamoto.

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke, inatakiwa ile yenye kichujio cha kaboni. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu, acha bunduki ya kupulizia vanishi, toka nje hapohapo. Na mikono nawa kwa sabuni, sio thina.

Halafu hawa vijana wanaojifunza kazi tusiwaache walale karakanani usiku ambao vanishi bado mbichi, hata kama hana pa kulala mtafutie kona nyumbani kwako.