Dorper au Mwekundu wa Kimasai: mbegu ya nani inavumilia baridi?

Swali ni hili: kati ya aina hizi mbili za kondoo, mbegu ya dume (shahawa) wa aina ipi hustahimili zaidi kukaa jokofuni kabla ya kupandikizwa kwa jike? Kabla ya kujibu, nauliza: umepima madume wangapi? Dume mmoja wa kila aina hatoshi. Ndugu wawili wa zizi moja huweza kupishana kuliko aina na aina. Chukua angalau wanne kila upande, wa rika moja, wanaokula pamoja, na uvune mbegu ya kila mmoja zaidi ya mara moja.

Mbegu ya kondoo hutengenezwa kwa takriban siku 47 hadi 49, kwa hiyo dume aliyeugua homa wiki sita zilizopita mwache kwanza. Na minyoo je? Mwekundu anaistahimili kuliko Dorper. Wape wote dawa miezi miwili kabla, la sivyo utapima minyoo ukidhani unapima mbegu.

Mbegu ikitoka, weka tone kwenye kioo cha hadubini chenye joto la nyuzi 37. Iliyo nzuri huzunguka kwa mawimbi, kama uji unaochemka. Ipe alama 0 hadi 5. Chini ya 3 mwaga. Hapo usitangaze mshindi, maana mbichi karibu zote hupendeza.

Izimue kwa maziwa yasiyo na mafuta, yaliyopashwa nyuzi 92 hadi 95 kwa dakika 10 kisha yakapoa hadi nyuzi 30. Joto hilo huharibu protini ya maziwa inayoua mbegu. Kosa ninaloliona sana ni kutumbukiza kichupa kwenye barafu moja kwa moja: mbegu hupata mshtuko, zikabaki kujizungusha au kurudi kinyumenyume. Kisimamishe kwenye glasi ya maji ya nyuzi 30, uingize vyote jokofuni, vishuke hadi nyuzi 5 kwa saa moja na nusu hadi mbili.

Pima tena saa ya 6, ya 12 na ya 24, ukipasha tone kwanza. Hesabu zinazoogelea mbele, si zinazotikisika tu. Vichupa viandikwe namba, anayechungulia asijue ni cha nani.

Hata zikiogelea saa ya 24, uwezo wa kupenya mlango wa kizazi, wenye mikunjo mingi, umeshapungua. Ufaransa, kwa kondoo wa aina ya Lacaune, mbegu huwekwa nyuzi 15 na kutumika ndani ya saa chache. Basi ukishatoa sponji ya homoni iliyokaa ukeni mwa jike siku 12 hadi 14 ili aingie joto kwa wakati uliopangwa, hupandikizwa saa 50 hadi 55 baadaye. Vuna mbegu asubuhi ya siku hiyohiyo.